Mkono wa Kuume, Mbele na Nyuma

Wanangu mnaojifunza cherehani pale Dilala, mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu, na zaidi kuhusu bendera ya Zaire, ile ya kwanza kupandishwa Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Sentensi hii ya kwanza nimeiandika na kuichana tangu juzi. Ndivyo nilivyo tangu nikiwa msichana: mshono ukienda pembeni kidogo nafumua, neno likikaa vibaya nachana karatasi. Watu waliniambia nina bidii. Haikuwa bidii, ilikuwa woga, na msiniige.

Nianze na kitu kitakachowafaa, maana sina hakika kama mengine yatawafaa. Kitambaa chekundu kifueni kabla ya kukikata. Kifueni kwa maji ya chumvi, kianikeni, kifueni tena mpaka maji yatoke safi. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilijifunza siku moto mwekundu wa bendera nilioushona kwa uangalifu wote ulipochuja rangi kwenye duara la manjano, mvua ya kwanza tu, na bendera ya shule moja ikawa kama leso ya mtu aliyetokwa damu puani. Mwalimu mkuu aliniita akanionyesha. Nililia mpaka akaanza yeye kunibembeleza. "Basi, mama, ni nguo tu." Lakini miaka ile hakuna aliyeamini kwamba ni nguo tu, hata yeye, maana alifunga mlango kabla ya kusema.

Kwa ninyi mliozaliwa baadaye: bendera hiyo ilikuwa ya kijani. Katikati palikuwa na duara la manjano, ndani ya duara mkono wa kahawia umeshika mwenge, na mwenge ukiwaka moto mwekundu. Nimezishona maisha yangu yote ya kazi, za shule, za ofisi, za stesheni, za kufunika majeneza ya wakubwa. Leo hazipo. Nchi ilirudishiwa jina lake la zamani, bendera ikabadilishwa, na kila nilichokishona kikawa kitambaa kikuukuu kwa asubuhi moja. Nimeziona zikifunika magunia ya makaa sokoni. Siku hizi bendera inakuja kutoka kiwandani imekwisha kuchapwa, imo ndani ya plastiki, haina hata mshono mmoja wa kufumua. Kwa hiyo msidhani nawafundisha kazi yenye kesho. Naandika kwa sababu mnauliza nani alishona ile ya kwanza, na kila mara watu wakiulizwa hivyo wananielekezea kidole mimi. Tulikuwa wanawake watatu. Mimi nilikuwa wa tatu.

Wa kwanza alikuwa Mama Ngalula. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai akiwa kijana, kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, akasoma Musonoi, akaolewa Musonoi, na Kasai hakuwahi kuiona. Masista walimfundisha kudarizi vitambaa vya altare, na hasa kushona bendera za kanisa, zile zinazobebwa kwenye maandamano ya sikukuu, zenye sura ya mtakatifu mbele na nyuma. Alibatizwa Veronika. Katika miezi ninayoisimulia majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, na alikuwa bado hajazoea. Ukimwita "Mama Ngalula" alichelewa kugeuka, kisha anasema, "Ngoja, ni mi huyo."

Wa pili alikuwa mama yangu mzazi, Mama Mwamini. Sisi ni Waislamu. Babu yangu aliteremka kutoka upande wa Kasongo na mizigo ya nguo za kuuza, akabaki. Baba yangu alikuwa na lori la kubeba mahindi na samaki wakavu. Mama alishona kanzu na kofia, na mikato yake ilikuwa safi mno hata mabaki aliyoyatupa yalikuwa na umbo. Nyumba yetu ilikuwa yetu wenyewe, nje ya kambi. Nyumba ya Mama Ngalula ilikuwa ya kampuni.

Mimi sikukaa darasani kwa ajili ya ushonaji hata siku moja. Nilijifunza kwa kufumua nguo za watu na kuzirudishia kabla hawajajua. Ndiyo shule yangu. Nguo ikifumuliwa inakueleza kila kitu: wapi fundi alikuwa na haraka, wapi uzi ulimwishia, wapi aligombana na mtu akakaza mno.

Walikutana kwenye foyer, jumba la kampuni ambamo wanawake wa kambi walifundishwa kushona na kupika. Mama yangu aliingia pale kuuza nyuzi, akabaki kubishana. Mwezi wa Ramadhani Mama Ngalula alikuwa akimtazama akikanyaga cherehani kwa nguvu, anasema, "Mama Mwamini, njaa yako inakaza uzi." Na mama anajibu bila kuinua macho, "Afazali njaa yangu kuliko nguruwe yako, inalegeza yako." Walicheka hivyo miaka mingi. Nikiwakumbuka nawasikia kwanza, ndipo nawaona.

Sasa mjue jambo lililokuwa mezani, tangu mwanzo, ili msije mkadhani hii ni hadithi ya kitambaa. Mume wa Mama Ngalula, Tata Kazadi, alifia mgodini, udongo ulimfunika, akamwacha na watoto. Katika kambi nyumba ilimfuata mfanyakazi. Mfanyakazi akifa, mjane anaachwa akae kidogo, kisha siku moja anaambiwa nyumba inahitajika. Mama Ngalula alikuwa anaishi ndani ya hiyo "kidogo." Kila alfajiri aliamka na kufagia kibaraza kama mtu anayetaka kuonekana anaitunza.

Ndipo akaja Citoyen Kabwita, yaani Raia Kabwita, maana sheria ya miaka ile ilitaka kila mtu aitwe hivyo, mjumbe wa chama kambini. Msimfikirie mtu mbaya. Alikuwa mtu wa jasho, wa kujifuta shingo kila wakati, na viatu vyake vilikuwa vinambana. Nchi ilikuwa imepewa jina jipya na bendera mpya, na bendera yenyewe ilikuwa haijazifikia kambi zote za mji wetu wa Kolwezi. Kabwita hakutaka Musonoi iwe ya mwisho. Alikuja foyer, akakaa kwenye kiti cha watoto.

"Mama Ngalula, nilisema na bakubwa. Kama bendera inatoka muzuri, banafungua atelier ya kushona bendera hapa hapa, na weye njo utakuwa chef, mukubwa wake. Mutu wa atelier ni mutu wa kampuni. Nyumba inabakia."

"Na kama inatoka mubaya?"

"Ju ya nini itoke mubaya? Si ni weye unashonaka batakatifu ku kanisa?"

"Batakatifu habakasirikake, Citoyen."

Kabwita akajifuta shingo.

Hatukuwa na bendera ya kuiga. Tulikuwa na picha ya gazeti isiyokuwa na rangi, na maneno ya redio. Redio ilisema kijani. Kijani gani? Mama yangu alisema kijani ni kijani cha msikiti. Mama Ngalula alisema Rais hakusema msikiti. Mimi nilikaa usiku kucha nikifikiria kijani. Mwisho Mama Ngalula alileta jiwe la malakiti, lile la kijani linalotoka pamoja na shaba, ambalo Tata Kazadi aliliokota kazini akaliweka juu ya kabati, akasema nchi hii ikiwa na kijani chake basi ni hiki, tukatafuta kitambaa kwa wafanyabiashara wote mpaka tukapata kinachokaribiana. Manjano yalikuwa pazia. Nyekundu ilikuwa kipande cha kitenge. Kahawia hatukuipata. Tulichemsha magome, tukapata rangi ya uji. Siku ya pili yake Mama Ngalula akaja na suruali ya Tata Kazadi, ile ya kwenda misa, ya kahawia iliyokolea, imepigwa pasi. Akaiweka mezani.

Mama yangu akasema, "Hapana, mama. Ile si ya kukata."

"Iko na kazi gani ku kabati?" akasema Mama Ngalula. "Kata weye. Mi nilishaipiga pasi, inatosha."

Mama akakata mguu mmoja. Ukatoka mkono.

Hapa nawapa ufundi, andikeni. Duara halichorwi kwa sahani, maana sahani ina ukomo. Chukua msumari mdogo, uzi usiovutika, na chaki. Mshikaji wa msumari asipumue. Kitambaa cha juu kikatwe kikubwa kidogo, ukingo ukunjwe ndani, ukatwe vijino vidogo penye mviringo ili usikunjamane, kisha upigwe uzi wa kushikiza kwa mkono kabla ya mashine. Mkimaliza, geuzeni, mkate kijani kilicho nyuma ya duara, na manjano yaliyo nyuma ya mkono na mwenge, ili upande wa pili nao uonyeshe rangi zile zile. Kwa njia hiyo picha moja inaonekana pande zote mbili. Ndivyo tulivyofanya. Tukaigeuza tuitazame.

Mama yangu alitazama nyuma kwa muda mrefu. Akasema, "Huku ni mukono ya kushoto."

Ilikuwa kweli. Mbele ulikuwa mkono wa kuume, dole gumba mahali pake. Ukigeuza nguo, mkono unageuka nao, unakuwa wa kushoto.

"Bendera yote ni vile," Mama Ngalula akasema. "Nyuma ni nyuma."

"Kwetu mukono ya kushoto haipanake kintu. Haishikake chakula, haisalimiyake mutu. Unataka bantu ba ule upande baone Zaire inashika moto na mukono ya kunawia ku choo?"

Mama Ngalula akacheka. Kisha akaacha kucheka. Hata katika familia yake, mtoto aliyepokea kitu kwa mkono wa kushoto alirudishwa apokee upya. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuona ule mkono wa kushoto kabla ya mama kusema, nilikuwa nimenyamaza kwa sababu niliogopa nikisema tutafumua, na nikinyamaza sitalala. Kwa hiyo mama aliposema, nilipumua. Nakiri kwamba nilifurahi. Kulikuwa na kosa, na kosa linaweza kusahihishwa, na hakuna kitu duniani kilichonituliza kama hicho.

"Naweza kuitengeneza sawa na ya kanisa," akasema Mama Ngalula polepole. "Mbele uso, nyuma uso. Mutakatifu hatupanake mugongo."

Akachukua suruali. Mguu wa pili ulikuwa bado upo.

Tukashona duara jingine nyuma, na mkono mwingine, wa kuume, na mwenge mwingine na moto mwingine, mishono ikifuata mishono. Sijawahi kuona kazi kama ile tena. Mama Ngalula alishona kidole kimoja kimoja, akakipa hata kucha. Tulipomaliza tuliitundika kwenye ukuta wa foyer chini ya taa, tukaitazama mbele, tukaigeuza, tukaitazama nyuma. Pande zote mkono wa kuume. Kabwita akaja akaigusa kwa vidole viwili.

"Ata nyuma ni kuume," akasema, na kwa mara ya kwanza hakujifuta jasho. "Kambi zingine habatakuwa na hii."

Bendera ya kanisa, wanangu, ndani yake ina turubai nene kati ya uso na uso, maana inabebwa kwa mti na haihitaji kupepea. Yetu hatukuitia kitu katikati. Ingekuwa nzito, isingepanda. Tulilifikiria hilo, tukajisifu kwa kulifikiria.

Asubuhi ya kupandisha, watu wote wa kambi walipangwa uwanjani. Sheria ilikuwa hii: bendera ikipanda, kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo kichwani anabaki nao kichwani, mama anayenyonyesha ananyonyesha amesimama. Hutikisiki mpaka wimbo uishe. Mlingoti ulikuwa umesimikwa upande wa mashariki, mbele ya ule mlima wa udongo uliotolewa mgodini, na sisi sote tulikuwa tumeelekea huko. Wakubwa wa kampuni na wa chama walisimama mstari wa kwanza.

Ikapanda ikiwa imejikunja. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Ilipofika juu upepo ukaifungua, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka nyuma ya mlima.

Mwanga ukapita ndani ya nguo. Mkono wa mbele ukaonekana, na mkono wa nyuma ukaonekana kupitia ule wa mbele, mmoja umeelekea huku na mmoja umeelekea kule. Mienge miwili ikakatana. Katikati ya duara la manjano, nyeusi kabisa, kulikuwa na alama ile ambayo kila mtu pale uwanjani aliijua, kwa sababu sote tulipita shule za kampuni au za kanisa: alama anayoipiga mwalimu juu ya hesabu iliyokosewa, ule mkato wa X tulioita croix.

Mtu nyuma yangu akasema chini chini, "Banaipiga croix."

Mwingine akasema, "Nyamaza, batatukamata sisi wote."

Na hakuna aliyeweza kusogea. Wimbo ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Tulisimama pale, kambi nzima, wakubwa mbele na watoto nyuma, tukiitazama nchi yetu mpya ikiwa imekatwa kwa msalaba, tukaimba mpaka mwisho. Nilisikia mama yangu akisoma dua. Nilimtazama Mama Ngalula nikitaka aniambie kwamba macho yangu yanadanganya. Alikuwa amekunja paji la uso, anaitazama kama fundi anavyotazama nguo ya mtu mwingine.

"Jua," akasema. "Tulisahau jua."

Tangu siku ile sijakabidhi kitu bila kukiinua kwenye mwanga. Gauni, pazia, sanda. Fanyeni hivyo nanyi. Wengi wenu mnaitazama kazi juu ya meza tu, na mezani kila kitu ni kizuri.

Tuliitwa ofisini kwa Kabwita kabla umande haujakauka. Bendera ilikuwa juu ya meza yake, imekunjwa vibaya. Alikuwa amevua viatu chini ya meza na sasa hakuweza kuvivaa tena mbele yetu.

"Nani alisema mikono ikuwe mbili?"

"Ni mi," akasema mama. "Mi njo nilikataa kushoto. Huyu mama alinisikiliza tu."

"Na mi niliitika," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Na weye, Citoyen, uliigusa ukasema ni muzuri."

Hakunikasirikia. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Ni kweli, nilisema. Njo maana naweza kufungwa wa kwanza, mbele yenu. Bakubwa baliona. Sasa banangoya kusikia tulifanya nini."

"Basi utuandike sisi batatu," akasema mama.

"Mama Mwamini. Weye uko na nyumba yako, bwana yako iko na camion yake. Nikuandike, halafu nikukamate nini?"

Hapo tulielewa wote, na Mama Ngalula alikuwa ameelewa kabla yetu. Alikuwa anatazama dirishani.

"Tata Kabwita," akasema.

"Citoyen."

"Citoyen Kabwita. Batoto batalala wapi?"

"Kila mutu iko na kwao. Utarudia kwenu."

"Kwetu ni wapi?"

"Kasai, mama."

"Mi siyafika Kasai. Weye ulishafika?"

"Hapana."

"Basi tunalingana," akasema. "Ungeweza kuenda weye."

Ndivyo alivyokuwa, hata pale. Kabwita alitaka kucheka, nikaona, akashindwa. Akasema nyumba itahitajika mwisho wa mwezi, na kwamba bendera ipandishwe tena kesho yake asubuhi ikiwa na mkono mmoja.

Siku hiyo hiyo tukarudi foyer kufumua nyuma. Nilivuta nyuzi kwa pupa hata ncha ya mkasi ikatoboa kijani. Mama Ngalula akaninyang'anya mkasi. "Usivute, mwana. Kata uzi moya, ruka tatu, kata tena, halafu vuta uzi wa chini. Unatoka yeye mwenyewe." Akafumua kazi yake yote, kidole kimoja kimoja, kwa mkono mwepesi kuliko alivyoishona. Mkono wa nyuma ulipotoka mzima, aliukung'uta nyuzi akaukunja akautia mfukoni. Baadaye niliuona umekuwa viraka viwili kwenye magoti ya suruali ya mwanawe.

Bendera ikapanda kesho yake. Nyuma ulikuwa mkono wa kushoto. Katika miaka yote ya Zaire, katika bendera zote nilizoshona, hakuna mtu hata mmoja, mkubwa wala mdogo, Mwislamu wala Mkristo, aliyewahi kunijia akasema nyuma ni kushoto. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko nilivyowaza chochote kingine, na silipatii mahali pa kuliweka.

Mnataka kujua kama tulijaribu kumtetea Mama Ngalula. Baba yangu alikwenda kwa wakubwa, wakampa kiti na chai. Padri alikwenda, naye akapewa chai. Mama alitoa chumba chetu cha nyuma, na Mama Ngalula akaja na watoto wake, tukabanana vizuri tu. Lakini watoto walikuwa wametolewa kwenye shule ya kampuni na zahanati ya kampuni pamoja na nyumba. Kisha ndugu wa marehemu Tata Kazadi wakatuma ujumbe kutoka Kasai kwamba watoto wa ndugu yao hawawezi kulelewa kwenye chumba cha nyuma cha watu wengine, warudishwe kwenye ukoo. Kwa desturi yao watoto ni wa huko. Mama Ngalula angeweza kubaki peke yake au kwenda pamoja nao mahali asipopajua. Hilo halikuwa jambo la kuchagua.

Wakati huo atelier ilikuwa imefunguliwa. Ndiyo, ilifunguliwa, kama Kabwita alivyoahidi. Shule zilitaka bendera, ofisi zilitaka, stesheni ilitaka. Fundi mwenye kujua kazi hakuwepo ila mimi, na mama hakutaka hata kusikia. Aliniambia, "Kama unaingia mule, unaingia peke yako." Nilimuuliza Mama Ngalula. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye kibaraza chetu.

"Ingia," akasema.

"Ile ni kiti yako."

"Kiti haina jina. Kama weye haukai, banaleta mutu wa kushona na gundi."

Nikaingia. Siwezi kuwaambia kwamba nilikosea wala kwamba nilipatia. Nilikula kwa kazi ile, nikasomesha ndugu zangu, na kila asubuhi nilipoufungua ule mlango nilijua ni mlango wa nani. Watu wanafikiri mtu huzoea. Unazoea cherehani. Unazoea vumbi. Hilo hulizoei, unafanya kazi juu yake tu.

Bendera ya kwanza niliyoishona peke yangu ilikuwa ya stesheni.

Siku ya safari tulifika stesheni mapema, mama na mimi na Mama Ngalula na watoto. Alikuwa na cherehani yake imefungwa kwenye godoro, masufuria ndani ya beseni, mtoto wa mwisho mgongoni. Mama yangu alimpa mkate wa mchele kwa ajili ya njia, akamwambia, "Usile na nguruwe." Mama Ngalula akasema, "Nitamutafuta wa kwanza kule kule, nikukumbuke." Wakacheka, kisha mama akageuka upande akajifanya anafunga kilemba.

Abiria walikuwa wameanza kupanda. Mama Ngalula alikuwa ameinua beseni, limekaa kichwani, na mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi ya behewa, ndipo filimbi ya askari ikalia. Ilikuwa saa ya bendera. Stesheni nzima ikasimama: wachukuzi, dereva kwenye dirisha lake, wauza ndizi. Naye akabaki vile vile, mguu mmoja chini na mmoja juu, beseni kichwani, mtoto mgongoni, shingo imenyooka, kwa heshima ya kile kitambaa.

Nilisimama karibu yake sana. Nilitaka kulipokea beseni na sheria haikuruhusu. Bendera ilipanda taratibu. Ilifunguka. Mwanga ukapita ndani yake na ulikuwa mkono mmoja tu, safi, na mimi niliona aibu ya kuona kwamba ni safi. Mama Ngalula aliitazama toka chini hadi juu. Midomo yake ikasogea kidogo tu, bila kichwa kutikisika.

"Pindo ya inje inavuta," akaninong'oneza. "Ulikaza uzi. Itapasuka pale pale. Irudishe kesho."

Wimbo ukaisha. Akapandisha mguu wa pili, beseni likagonga mlango, akainama akaingia. Gari moshi likaondoka kuelekea Tenke.

Kesho yake nilimwomba mkuu wa stesheni aniteremshie bendera. Nikakaa nayo kwenye benchi la abiria nikatazama pindo la nje. Lilikuwa linavuta. Nikalifumua.